Huu Mji ni wa Nani

Vijana mnaokuja kunisalimia hapa Morotonga mna swali moja, na huwa mnalitoa mkishamaliza chai yangu. Mnatazama zile kanda nilizozipanga ukutani, mnanitazama mimi, halafu mmoja wenu mwenye ujasiri anasema, "Babu, hivi hizi unazitunza za nini? Si kila wimbo upo kwenye simu?" Mwenzake anamkanyaga mguu, lakini maneno yameshatoka. Mimi sikasiriki. Nimeuza muziki maisha yangu yote, kwanza kanda, baadaye sidii, na mwisho nikawa nawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, kwa hiyo hilo swali nimeishi nalo kama mtu anavyoishi na mke.

Jibu langu ni refu kidogo. Linaanzia Sirari na kufika Gorong'a kwa bibi mmoja anaitwa Robhi. Kama una haraka, nenda kamalizie bando lako, utanikuta siku nyingine.

Kazi hii nilifundishwa na Mjaluo mmoja, Mzee Otieno, Mungu amrehemu. Alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Sirari mpakani, kimejaa redio, nyaya na harufu ya spiriti. Mimi nilikuwa nimetoka kuchunga, nimezoea kutatua kila tatizo kwa fimbo. Siku ya kwanza redio iligoma, nikaipiga kofi ubavuni. Mzee Otieno hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wewe kijana, hii kitu si ng'ombe. Ng'ombe ukipiga anaenda. Hii ukipiga inakula kanda ya mtu." Na kweli, tulipofungua mlango wa redio tulikuta kanda ya kwaya ya mteja imejizungusha ndani kama matumbo ya kuku.

Alinifundisha kuitoa taratibu, kuinyoosha kwa kidole gumba juu ya glasi, kisha kuirudisha kwa kalamu ya wino ile yenye pembe sita, maana inakaa sawasawa kwenye tundu la kanda. Alinifundisha kuvunja yale meno mawili ya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu ya wimbo. Kila asubuhi, kabla ya chai, tulisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Alikuwa akisema sauti ikitoka na kikamasi usimlaumu mwimbaji, mpanguse redio pua kwanza. Hayo yote leo hayana soko, najua. Lakini mkono uliofundishwa kugusa kitu cha mtu kwa adabu haujui kusahau, na kwa hilo namshukuru yule mzee kila ninapoosha hata kikombe.

Nilipojitegemea nilifungua duka Mugumu, na siku za mnada nilibeba mzigo wangu kwenda Gorong'a, Nyangoto na kwingineko. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo Mzee Otieno hakunitayarisha nayo. Ni shida ya Wakurya wenyewe: majina. Ukisimama mnadani kwetu ukaita "Chacha", nusu ya wanaume wanageuka, na nusu iliyobaki wanageuka pia kwa sababu baba zao ni Chacha. Wapiga litungu nao ni wale wale. Chacha, Marwa, Mwita, halafu unaanza tena upya.

Kwa wasiojua, litungu ni kile chombo chetu cha nyuzi, kikubwa, sauti yake nzito inamwingia mtu kifuani kabla ya masikioni. Wapigaji walikuwa wengi na nilikuwa nawauza wote, ikabidi niwape majina ya dukani. Kulikuwa na Marwa wa Jogoo, kwa sababu jogoo aliwika katikati ya wimbo wake naye akaendelea bila kujali. Kulikuwa na Chacha Kikohozi, ambaye kabla ya ubeti wa pili lazima akohoe. Wateja walizoea. Mchimbaji mmoja wa dhahabu kutoka Nyangoto alikuja hana muda wa kusikiliza, anataka "kanda ya Chacha" tu, akabeba za Chacha wote niliokuwa nao. Mnada uliofuata alirudi anacheka mwenyewe. Mtu aliyekuwa akimtafuta anaitwa Mwita.

Nawaambia haya kwa sababu simu zenu zina ugonjwa huo huo, ila hazina mtu wa kuutibu. Andika "Chacha litungu" uone. Zitakuja nyimbo mia za Chacha wasiojulikana, nyingine zimeandikwa "Audio" na namba, nyingine zina picha ya mtu ambaye hata litungu hajawahi kulishika. Kwenye kanda angalau kulikuwa na kava lenye sura ya mwenyewe, na nyuma ya kava kulikuwa na mimi.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wa mbali hawakulielewa kuhusu kanda zetu. Wateja wangu hawakununua wimbo tu. Walinunua kutajwa. Mpiga litungu akiimba kwenye sherehe huwaita watu kwa majina, anamsifu huyu kwa ng'ombe zake, anamtania yule kwa uchoyo wake, na mimi nikiwa pale na redio yangu kubwa na maiki yake, majina yote yanaingia kwenye kanda. Mtu akishatajwa, ukoo mzima unanunua. Nimewahi kumwona mzee amenunua kanda na hana redio. Nilipomwuliza atasikiliza vipi alishangaa. "Mura, kijana wangu, kwani mimi sijui wamesema nini? Nilikuwepo. Nataka iwepo nyumbani."

Ndivyo nilivyofika kwa Robhi.

Robhi wa Gorong'a alifiwa na mume akiwa bado ana nguvu, na hakuwa na mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, Mama Marwa, Mama Bhoke. Yeye hakuwa na wa kuitiwa. Shemeji zake walishaanza kuitazama ile nyumba kama moto unaosubiriwa uzime. Robhi akalima ulezi, akanunua ndama, akafuga, na ng'ombe walipokuwa wa kutosha akatoa mahari akaoa msichana anaitwa Ghati, ili watoto ambao Ghati atazaa na mwanamume wa pembeni wawe wa nyumba yake Robhi. Tunaita nyumba ntobhu. Mnaoishi mijini naona mnatabasamu. Ni desturi ya zamani, ina watu ilioinua na ina watu iliowaumiza, na mimi leo sijaja kuitetea wala kuitukana. Ninachosema ni kwamba nilikuwepo siku ile na redio yangu.

Chacha Kikohozi ndiye aliyepiga. Aliimba mchana kutwa, akakohoa mahali pake, na mwisho wa upande wa pili wa kanda akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. Akauliza kwa Kikurya, mimi nawapa kwa Kiswahili ili msipotee, "Huu mji ni wa nani?" Mji kwetu si Tarime wala Mugumu, mji ni boma la mtu na watu wake. Na watu wote wakajibu, "Wa Robhi." Hata shemeji zake walijibu, maana walikuwa wameshakunywa pombe yake. Ng'ombe mmoja akalia zizini, litungu likarudi, kanda ikaisha.

Chacha aliuliza mara moja tu. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Alisema swali likirudiwa linakuwa ubishi.

Mimi nilimtazama Robhi wakati jina lake linaitwa. Alikuwa ameshika mlango wa nyumba kana kwamba nyumba itaondoka. Ghati naye alikaa pembeni, msichana mkubwa, macho chini, na siku ile hakuna aliyemwuliza chochote. Hilo nililiona pia, nikalibeba.

Kanda ile iliuza kuliko zote nilizowahi kurekodi. Wanawake walikuja dukani siku ya mnada, hawanunui, wanasema tu, "Baba, rudisha pale." Wote walijua pale ni wapi. Nilirudisha mbele, nilirudisha nyuma, swali na jibu, swali na jibu, mpaka nikaona litungu linaniota.

Miaka ikaenda. Sidii zikaja zikaondoka. Memori kadi zikaja, nikanunua kompyuta, nikawa nawajazia vijana nyimbo nyingi kwa muda wa kunywa soda, na sitawadanganya, nilifurahi. Hakuna redio kula kanda, hakuna mtu kuanika betri juani. Halafu nanyi mkajua kupakua wenyewe, nikabaki nauza chaja na kava za simu. Nikafunga duka kwa moyo mweupe. Kazi ilinipa nyumba hii na watoto wangu wakasoma. Mtu ambaye kazi yake imemzeesha salama hana sababu ya kununa.

Basi mwaka huu, Jumatatu moja, binti akaingia uani kwangu na mkoba mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi Wegesa, wa mji wa Robhi, Gorong'a. Mama yangu ni Ghati."

Nikamkalisha. Alikuwa anaolewa Jumamosi ile, yeye ndiye mtoto wa mwisho wa Ghati. Bibi Robhi bado alikuwa hai, amezeeka sana ila masikio yapo, na alikuwa na ombi moja tu. Wegesa akitolewa nyumbani, wimbo wa Chacha upigwe, na swali lile likijibiwa yeye bibi atoke ndani ambariki mjukuu wake mlangoni. Wegesa akaona ni kazi ndogo. Wimbo aliupata kwenye simu. Aliupakua, akaenda na spika yake kumwonjesha bibi.

"Sikiliza mwenyewe, babu," akasema, akabonyeza.

Nilimsikia Chacha. Nilisikia kikohozi chake, na machozi yakanikaribia, siwafichi. Nyuzi zikanyamaza. "Huu mji ni wa nani?" Na hapo hapo mlio wa mwewe ukapasua hewa, na sauti ya kijana ikajibu kwa majivuno, "DJ Kipangaaa! Mkali wa Nyamongo!" Jina la Robhi likafunikwa lote. Mlio ulipoisha, ng'ombe alikuwa ameshalia.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wegesa hakucheka.

"Bibi alisemaje?"

"Ameuliza huyo Kipanga alitoa ng'ombe wangapi."

Hapo nikacheka tena, lakini kidogo.

"Babu, usicheke. Bibi ni mgumu. Amesema Jumamosi hatoki ndani kwa wimbo wa mji wa Kipanga. Amesema nitoke tu, niende, hakuna ubaya. Lakini mimi siwezi kutoka bila yeye. Nitaondokaje nyumbani mlango umefungwa?"

Alikuwa ameshamfuata huyo Kipanga. Ni kijana wa huku huku, mpiga muziki wa sherehe, na kwa bahati ndiye aliyekodiwa kwa ajili ya Jumamosi. Wimbo alipewa na mtu aliyeutoa kwenye kanda, akautia sauti yake ili wenzake wasiuibe. Ule msafi ulikuwa kwenye simu aliyoibiwa mnadani. Wegesa akamwuliza kama anaweza kuiondoa sauti yake. Akamjibu kwa unyenyekevu kwamba maji yakishaingia kwenye maziwa huwezi kuyachota.

Wala msimlaumu sana. Sisi nasi tulijitaja kwenye kanda. Mzee Otieno alikuwa akisafisha koo na kutangaza kibanda chake kama anasoma habari. Ila alijitaja mwanzoni, kabla litungu halijaanza, kisha akamwachia mwenye wimbo nafasi yake.

Nikasimama, nikaenda ukutani, mkono wangu ukaenda moja kwa moja. Ilikuwepo. Sura ya Chacha kwenye kava imepauka, litungu limebaki jeusi. Wegesa aliishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe. Usifurahi kwanza," nikamwambia. Ile ilikuwa kanda yangu ya dukani, ile ya "rudisha pale". Ilikuwa na ukungu mweupe ubavuni, kile kisponji cha ndani kimedondoka. Nikachukua bisibisi ndogo, nikafungua mwili wake. Niliwahi kufanya hivyo mara nyingi: unahamisha utepe wote kwenda kwenye mwili wa kanda nyingine nzima, kama mtu anayehama nyumba na godoro lake. Kwaya moja ilijitolea mwili wake siku hiyo.

Nikazungusha taratibu kwa kalamu, napangusa ukungu kwa kitambaa laini, mpaka karibu na mwisho wa upande wa pili. Hapo utepe ulikuwa umekatika. Pande zote mbili za mkato zilikuwa zimesinyaa, zimekwaruzika, zimeliwa na kutemwa. Nilijua ni wapi hata kabla ya kusikiliza. Mzee Otieno alikuwa na msemo wake: kanda hukatikia pale ilipopendwa.

Nikajaribu kuinyoosha juu ya glasi kama nilivyofundishwa. Ile rangi ya kahawia inayobeba sauti ikabanduka. Niliinua kidole nikakitazama. Jina la Robhi lilikuwa unga juu ya kidole changu.

Nilimwonyesha Wegesa. Alifunika mdomo kwa kiganja, akageukia nje kwenye migomba, nami nikaona mabega yake.

Tukatafuta kanda nyingine, maana ya bibi mwenyewe Wegesa alisema ilishapotea zamani. Nilipiga simu kwa kila mteja wa zamani ambaye bado yuko juu ya ardhi. Mmoja alisema yake waliirekodia mahubiri. Wa pili alisema ipo, ngoja aitafute, akapiga baadaye kwa aibu: wajukuu walishauvuta utepe wote na kuufunga shambani kwenye mtama ili ufukuze ndege. Alisema unafanya kazi vizuri sana, unang'aa juani na kuvuma upepo ukija. Nikamwambia Chacha angefurahi, maana hakuwapenda ndege.

Kufika Ijumaa nilikuwa nimefanya nililoweza. Nilikata kile kipande kilichokufa, na kwa kuwa ukiunga bila kufidia wimbo unaruka kama mtu aliyekosa ngazi, nikaweka mahali pake kipande kitupu cha utepe usio na sauti, urefu ule ule, nikaunga kwa selotepu huku na huku. Nikaisikiliza. "Huu mji ni wa nani?" Kimya cha mvumo kidogo. Halafu ng'ombe.

Kipanga alikuja mwenyewe kuniona, kijana mrefu, kofia mkononi, kumbe ana adabu nyingi kuliko sauti yake. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyeharibu," akasema. "Sasa nimefikiria. Hapo kwenye kimya turekodi watu wachache wakisema 'Wa Robhi', nipachike. Hakuna atakayejua."

"Bibi atajua," Wegesa akasema. "Alikuwepo."

Hatukupachika kitu.

Jumamosi ikafika, boma la Gorong'a limejaa, turubai zimefungwa, sufuria zinachemka, ng'ombe wa mahari wameshakabidhiwa. Nilikwenda na redio yangu ya kanda. Kipanga akaichomeka kwa waya kwenye spika zake kubwa, akanipisha kwenye kiti chake. Mlango wa nyumba ya Robhi ulikuwa umefungwa. Wegesa alisimama mbele yake na gauni lake, mabibi harusi wengine huwa wanatazama wapiga picha, yeye alitazama mbao za mlango. Ghati alikuwa upande wa jikoni, mama mtu mzima sasa, kanga kiunoni, anaelekeza wapakuaji kama kawaida ya mama mwenye sherehe.

Nikabonyeza. Litungu likatoka kwenye zile spika likiwa kubwa kuliko siku lilipopigwa. Wazee waliacha kutafuna. Kikohozi kilipokuja watu walicheka, na wengine walikohoa pamoja naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu moyoni mapigo yaliyobaki, nikijua ninakokwenda. Miaka yote nililipeleka lile swali kwenye jibu lake, na sasa nililipeleka pasipo na kitu.

Nyuzi zikanyamaza. "Huu mji ni wa nani?"

Mkono wangu ukasimamisha kanda. Sikuupanga, ulienda wenyewe. Nadhani sikuweza kuvumilia kile kipande kitupu kupita mbele ya watu wote wale. Boma zima likanyamaza, swali limening'inia hewani, na mlango haukutikisika. Wazee walitazamana. Kila mmoja alisubiri kanda ijibu, kwa kuwa ndiyo kazi ya kanda.

Ghati akaweka chini mwiko. Alisogea mpaka katikati ya uwanja, akajipangusa mikono kwenye kanga, akautazama ule mlango.

"Wa Robhi," akasema.

Alisema peke yake, si kwa kupaza sauti, kama mtu anayeulizwa njia na kuielekeza. Siku ile ya zamani aliketi pembeni hakuna aliyemwuliza. Sasa ameulizwa, na alikuwa na maisha yote ya kujibu lingine. Kisha Wegesa akasema, "Wa Robhi." Kisha kaka zake. Kisha boma zima, wajukuu, majirani, wapishi, hata Kipanga pembeni yangu alipiga kelele bila kipaza sauti. Nikaiachia kanda. Ng'ombe wa zamani akalia, na wa mahari zizini akamjibu, na watu wakacheka mpaka hawakusikia komeo la mlango likifunguliwa.

Bibi Robhi alitoka na fimbo yake. Alimbariki Wegesa kwanza, mkono juu ya kichwa, maneno nisiyoweza kuyasikia na yasiyonihusu. Halafu akamwita Ghati, akamshika mkono, hakumwachia mpaka gari la harusi lilipoondoka. Baadaye alipita mbele yetu akasimama kwa kijana.

"Wewe ndiye Kipanga?"

"Ndiyo bibi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ng'ombe wako wako wapi?"

Bibi akampiga begani kwa mkono mwepesi, akanigeukia mimi. "Kanda yangu," akasema, akanyoosha kiganja. Nikaitoa kwenye redio, nikaiweka kwenye kava lake, nikampa. Hana redio na hakuniuliza ataisikiliza kwa kitu gani. Aliitia kifuani ndani ya nguo akaenda kukaa.

Hivyo, vijana wangu, mkiniuliza kama inafaa kununua kanda au sidii siku hizi, nasema pakueni tu. Mimi mwenyewe mjukuu wangu hunipakulia, na nashukuru kusikia sauti za watu niliodhani wamekwenda na ukungu. Ila msanii akiwa hai na anauza kitu chake mkononi, nunua, umtazame usoni umjue ni Chacha yupi. Na ule wimbo mmoja unaokuhusu wewe na watu wako, uwe nao mahali ambapo hakuna mtu wa kuuandikia jina lake juu.

Kipanga alirekodi ile Jumamosi kwa simu yake na ameurudisha wimbo mitandaoni. Sauti yake na mwewe wake ameviweka mwanzoni kabisa, kabla ya litungu, nami namshukuru. Upakueni, ni bure. Mtakapofika mwisho mtasikia swali, halafu kimya, halafu mama mmoja anajibu peke yake kabla ya watu wote. Sauti hiyo haikuwemo kwenye kanda niliyouza mimi. Ni ya Ghati.